Kapita wa Mpira

Mwanangu Faustini,

Jana uliniuliza swali, nami nikakohoa. Kikohozi changu ni cha kweli, unakijua, lakini kile cha jana nilikiongeza. Nilikohoa mpaka mama yako akatoka jikoni na kikombe cha maji, wewe ukanishika mgongo, na swali likapita. Kwangu halikupita. Leo umekwenda kuaga watu, mama yako yuko sokoni, nami nimeketi barazani na kibao juu ya magoti, nikujibu kwa kalamu. Ulimi wangu ni mzoefu wa kukwepa. Mkono huu umewafundisha watoto wengi kuandika, na bado unaona haya kuandika uongo.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako atakueleza yote kuhusu kwanga ya muhogo na samaki wa kukaushwa, mahali pa kulala ndani ya meli, na wezi wa bandarini, na mkifika mlangoni atakueleza upya. Tangu asubuhi analichezea jina la mji unaokwenda, anacheka peke yake: "Kesho anaenda Leo! Na akichoka na Leo, atarudi Jana?" Anacheka ili asilie. Mwache acheke.

Mimi ninalo jambo moja tu, nalo ni lile swali. Mjomba wako wa Leo alikuwa amekuandikia habari za kazi ya karakana na za timu yao, nawe ukasema hivi: "Papa, tonton anaandika kama ekipe yao iko na watu wawili ya mbele, warefu sana, na mupira haitoke mu mikono yao. Sasa mugawaji ni ya nini? Mimi nitaenda kufanya nini pale katikati?" Kisha ukasema kwa sauti ndogo kwamba kazi ya karakana utaipokea, lakini wakikuuliza habari ya mpira utawaambia hujui kucheza.

Hapo ndipo nilipokohoa. Maneno hayo hukuyatoa kichwani mwako. Ni mimi niliyeyatia humo, miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimekuona ukiyabeba nami nikinyamaza. Daktari anasema ni moyo. Miguu yangu imejaa maji hata viatu haviingii. Ukirudi likizo ya kwanza hutanikuta. Tusidanganyane juu ya hilo. Basi nisikilize leo.

Unakumbuka siku Padre alipouleta mchezo ule wa mpira wa kikapu. Alikuwa amesimamisha nguzo mbili za mbao nyuma ya shule, na juu yake pete za chuma alizozitoa kwenye mapipa. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Alfonsi na mdogo wake Gaspari walikuja kutoka maporomokoni wakiwa bado wananuka samaki, wametoka kumsaidia baba yao kutega vikapu vyake katika maji makali. Alfonsi aliitazama pete ile kwa muda, akazunguka chini yake, akasema: "Padre, kikapu yako iko na shimo! Samaki atatoka kwa chini!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Nilipomtafsiria Padre, naye akacheka, akasema kwamba katika kikapu hiki samaki ni lazima atoke, kisha mnamkimbilia tena. Gaspari akasema, "Alors hii hapana kuvua, hii ni kujitesa."

Hayo unayajua. Usilolijua ni dogo, ni neno moja tu, nami nililisema mbele yako.

Padre alikuwa akieleza kwa Kifaransa kila mchezaji kazi yake, nami nikitafsiri. Watu wa mbele, walinzi, mtu mrefu wa kukaa chini ya pete, yote yalikwenda vizuri. Kisha akafika kwa yule anayeuleta mpira, anayewatazama wenzake wote na kuamua nani aupate na wakati gani. Padre alikuwa na neno lake. Mimi sikuwa na la kwetu, yaani nilikuwa nalo, nikalimeza.

Katika mitumbwi mikubwa ya kwetu Yanonge wako wapiga kasia, na yuko mtu mmoja anayeanzisha wimbo. Kasia lake ni jepesi. Yeye anaangalia migongo ya wenzake, anajua nani amechoka na nani anajifanya, anapunguza wimbo au anauharakisha ili makasia yote yaingie majini pamoja. Babu yako alikuwa mtu huyo. Sikuwahi kumsikia mtu akimcheka. Mtumbwi ukifika Isangi na mzigo, yeye ndiye aliyepewa kinywaji kwanza, hata kabla ya mwenye mtumbwi. Tulimwita mwimbishaji. Neno lile lilinifika kwenye meno, nikaona haya. Nilikuwa mwalimu, nimevaa kofia na soksi ndefu, nangojea ile kadi ambayo serikali huwapa watu weusi inaowaona kuwa wastaarabu. Sikutaka kunuka mtumbwi mbele ya Mzungu. Nikasema: "Huyu ni kapita."

Padre alifurahi, neno hilo alilijua. Vijana walirudi nyuma hatua moja.

Wewe umemwona kapita wa barabara tangu utoto. Hashiki jembe. Anasimama na fimbo yake, anahesabu wenzake, na jioni anapeleka jasho lao kwa bwana. Baba yake Alfonsi ana kovu shingoni, aliloachiwa na kapita mmoja katika njia ya Banalia. Kwa hiyo Padre alipouliza nani atakuwa kapita, hakuna aliyejitoa. Gaspari alisema, "Mimi? Mama atanipikia mawe." Mwingine akasema afadhali aokote mipira nje. Nilisimama pale na neno langu lisilo na mtu, jua linanipiga, Padre ananitazama. Ndipo wewe ukainua mkono.

Nimefikiri sana juu ya mkono ule. Ulikuwa mfupi kuliko wote, labda uliona ndiyo nafasi pekee utakayoipata. Lakini naamini uliuinua kwa kunihurumia.

Kisha ukacheza, nami nikaona kitu ambacho sikukuambia. Nakuambia leo. Ulikuwa ukiupiga mpira juu ya ile ardhi nyekundu bila kuutazama hata kidogo, macho yako yakiwa kwa wenzako. Alfonsi akifunga mara mbili mfululizo, ya tatu humpi, hata akipiga kelele kama mtu anayezama. "Lete! Fausti, lete! Masikio yako iko wapi?" Nawe unajibu huku unakimbia, "Nilisahau kwa Gaspari!" na mpira unakwenda kwa Gaspari. Alfonsi anakutukana, anacheka, anarudi kulinda. Dakika nyingine Gaspari amekaa muda bila mpira, ameanza kuburuta miguu. Unaona, unamwita kwa jina kabla hajapewa kitu, na miguu inaamka. Wale wawili hawakuwa watu wa kutoa mpira. Mpira ukishawafikia, umekwisha. Lakini kabla haujawafikia ulikuwa wako, nawe ulijua la kufanya nao.

Nilisimama pembeni nikaona fahari, kisha nikawasikia watu.

Walianza watoto: "Kapita! Kapita wa Alfonsi!" Wewe ulicheka nao, hata ulitembea mara moja kama kapita, kifua mbele, mikono nyuma, uwanja mzima ukalala chini. Ningekuwa na akili ningecheka pia. Lakini sokoni mwanamke mmoja wa samaki aliniita "baba ya kapita", na wenzake wakapiga makofi. Siku nyingine, tukiwa tumeketi na watu wa kalamu wenzangu, karani mmoja aliyekuwa amekwisha kupata kadi yake aliniuliza mbele ya wote, kwa upole, kama anayeuliza habari za mgonjwa: "Mwalimu, ni kweli mtoto wako anawabebea mizigo watoto wa Wagenya, wale wavuvi?"

Nilirudi nyumbani masikio yanawaka. Nilikuwa nimetoka Yanonge, nimekaa bweni nikilia, nimepigwa, nimejifunza vitabu vya watu, ili mtoto wangu asimbebee mtu mzigo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sikuwaza kuwa wale watoto wa Wagenya walikula mezani kwangu, kwamba mama yao alitutumia samaki wakati mama yako alipokuwa mgonjwa. Niliwaza kadi.

Kesho yake nilikwenda kwa Padre. Kulikuwa na mchezo mkubwa unakuja, na timu ya ng'ambo ya mto. Sikumwambia habari ya sokoni. Nilimpa hoja, na ubaya wa hoja ile ni kwamba ilikuwa nzuri. Hata leo siwezi kuibomoa.

Nilimwambia: "Padre, tuna watu wawili wanaojua kuuleta mpira wenyewe, kuupitisha kati ya watu wenyewe, na kuutupa wenyewe. Mpira ukitoka kwa Faustini kwenda kwao, tumeongeza safari moja, na kila safari mpira unaweza kuibwa. Kwa nini tusiwaachie tangu mwanzo? Na mahali pa Faustini tuweke kijana mrefu, wa kunyakua mipira inayogonga chuma na kurudi. Timu yenye watu wa mbele kama hawa haihitaji mgawaji. Ni kama kumwekea mkalimani mtu anayejua lugha zote mbili."

Padre alikuwa anajaza kiko chake. Aliniuliza jambo moja tu: "Na nani atawaambia zamu ni ya nani?"

"Wataambiana wenyewe," nikasema. "Ni ndugu."

Akacheka ndani ya ndevu zake. "Mwalimu, mimi nina ndugu wanne." Lakini alikuwa mtu mwenye kuheshimu elimu, na aliyesema naye alikuwa mwalimu, tena baba wa mtoto mwenyewe. Alidhani baba hawezi kumwonea mwanawe. Akakubali. Nikamwomba akuambie yeye. Hata hilo sikuweza.

Siku ya mchezo ulifika umevaa fulana aliyoifua mama yako kwa mikono yake miwili, ukaikuta nafasi yako ina mtu. Padre akakuita pembeni. Nilikuona unaitikia kwa kichwa, unaitikia, unaitikia. Kisha ukaenda kuketi kwenye benchi, na wenzako wakakurundikia mashati yao mapajani, kwa sababu ulikuwa pale na mikono yako ilikuwa wazi.

Tukashinda. Ingekuwa tumeshindwa, mwanangu, ningeweza kukuambia jioni ile ile. Ningerudi kwa Padre nimeinamisha kichwa, na mambo yangekwisha. Lakini tulishinda, na watu walinipa mkono. Karani yule alinipa mkono.

Nilichokiona sikukisema kwa mtu. Alfonsi aliuleta mpira peke yake, kila mara, kama mtu anayetoroka na kitu cha wizi. Gaspari alikuwa chini ya pete mikono juu, anaita, "Yaya! Yaya!" kama anavyomwita mkubwa wake tangu wamezaliwa. Mwanzoni aliita kwa nguvu. Baadaye aliita mara moja moja. Mwishoni hakuita, na alipounyakua mpira mwenyewe naye hakumpa mtu. Walikuwa hodari kiasi kwamba kila mmoja alicheza peke yake dhidi ya watu watano, na bado ilitosha. Kikapu cha mwisho kilikuwa cha Alfonsi. Watu wakaingia uwanjani, wakambeba. Mpira ulibingirika kwenye majani, Gaspari akaenda kuuokota, akamrudishia Padre mkononi, akaendelea kutembea. Hakurudi.

Nyumbani uliniuliza, "Papa, niliharibu wapi?"

Mama yako alikuwa amesimama pale na sahani. Ulikuwa na haki ya jibu moja, nalo lilikuwa fupi. Nikakuambia, "Watu wakubwa kama wale hawahitaji mtu wa kuwagawia." Nikala. Mama yako alinitazama kwa muda mrefu, na tulipobaki wawili akasema, "Kuna kitu unakijua." Nikamwambia anyamaze. Viatu vyako vya raba ukampa mtoto wa jirani wiki ile ile, na mimi nikakusifu mbele ya wageni kwamba umeacha michezo, umekuwa mtu mzima.

Kadi niliipata. Imo ndani ya Biblia. Sijawahi kuona kazi yake.

Nilipofika hapa katika kuandika, mtu aligonga paji la uso kwenye boriti ya baraza, nikajua ni nani kabla sijainua macho.

"Mwalimu! Hii nyumba ulijengea kuku?"

"Niliijengea watu wanaojua kuinama, Alfonsi. Karibu."

Alikuwa na samaki mkubwa amefungwa kwa majani. "Ya Fausti. Kule Leo watamulisha samaki ya kopo. Yeye iko wapi?"

Nikamwambia umekwenda kwao, kumuaga.

"Bon! Mimi nakuja huku, yeye anaenda kule. Ni vile vile ya zamani: mimi naita upande huu, yeye anatazama upande ingine." Akaketi chini sakafuni, maana viti vyetu vinamtesa, akaitazama karatasi. "Unaandikia serikali?"

Sijui kilichonipata. Labda ni kwa sababu kalamu ilikuwa imekwisha kuanza. Nilimwambia yote: neno lile, sokoni, karani, Padre. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemtoa Fausti, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu niliona haya mwanangu kuwagawia wao, watoto wa mvuvi. Nilisema hilo la mwisho nikitazama sakafu. Nilingoja ainuke aondoke na samaki wake.

Hakuinuka. "Mwalimu, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ya sokoni, ya haya, ile sikujua." Niliona imemuuma. "Lakini ya kumutoa, nilijua. Padre hapana mutu ya kubadilisha watu bure. Na wewe ile siku, Fausti akikutazama toka benchi, ulikuwa unatazama viatu yako tu, kama ni viatu iko anacheza. Nilijua. Nikanyamaza juu nilikuwa nataka mupira."

Basi tulikuwa wawili. Nikamuuliza yeye aliyekuwa ndani ya mchezo, kwa sababu mimi niliutazama kutoka nje tu: "Alfonsi, niambie kweli. Mlimhitaji?"

"Mimi? Hapana." Alijibu upesi, bila aibu. "Donc, tulishinda au hatukushinda? Mupira naleta mwenyewe, natupa mwenyewe, nafurahi mwenyewe. Mimi sikumuhitaji."

"Kwa hiyo hoja yangu ilikuwa ya haki."

"Ngoja, Mwalimu, hapana kimbia. Mimi sikumuhitaji. Gaspari ndiye alimuhitaji." Alianza kufungua na kufunga kamba ya yale majani. "Zamani Gaspari akikosa mupira anamukasirikia Fausti. 'Kapita mubaya! Kapita mwizi!' Fausti anacheka, anamupa ya pili, imeisha, tunaenda kula. Ile siku Fausti iko kwa benchi. Gaspari alitafuta mutu ya kukasirikia. Akaniona mimi."

Gaspari yuko Banalia, kama unavyojua. Anauza mafuta ya mawese na mjomba wao. Nilidhani alifuata biashara. Alfonsi anasema mama yao hutuma watu kumwita, naye anajibu kila mara kwamba anakuja.

Nikamuuliza, "Leo, akiwa chini ya pete, anakuita, ungempa?"

"Leo? Yote. Ningemupa hata mukono yangu."

"Na ile siku? Tungeirudisha ile siku, bila Fausti?"

Alilisugua lile paji lililogonga boriti. Alifikiri kweli, hakutaka kunidanganya mimi mgonjwa. "Ile siku, hapana," akasema. "Ile siku mupira ilikuwa mu mukono yangu, Mwalimu. Ukiwa nayo, hausikie."

Alipoinuka alitaka nikuandikie kwamba usikubali kukaa benchi kule Leo. Kisha akasema, hapana, usiandike, Fausti atasema Alfonsi anatoa amri tena. Nimeandika yote mawili. Samaki yuko jikoni.

Sasa nifike kwenye swali lako, nalo linanishinda kuliko nilivyodhani nilipoanza. Nilitaka kukuandikia kwamba wale wawili wa Leo wanakuhitaji. Siwezi. Sijawaona. Timu kama yao inaweza kushinda bila wewe. Mimi niliona moja ikishinda, na nilipewa mkono kwa ajili yake. Inawezekana watakuzomea. Inawezekana watakwenda kwa mkubwa wao na hoja nzuri kama yangu, na mkubwa wao atakuwa mtu mwenye kuheshimu hoja. Na hata wakikuacha ucheze, huenda mwenye kukuhitaji zaidi asiwe yule unayemwona, asiwe yule anayepigiwa makofi, na yeye mwenyewe asijue. Atakutukana tu. Siwezi kukukinga na lolote kati ya hayo. Miguu yangu haifiki hata bandarini.

Wala siwezi kulirudisha lile neno. Nimejaribu. Wiki iliyopita, ulipokuwa unanikanda miguu, nilikueleza habari za babu yako na wimbo wa mtumbwi, nikadhani utaelewa mwenyewe ninakokwenda. Ulisema, "Papa, pumzika." Ulikuwa na haki, nilikuwa nikirusha mpira pasipo mtu. Neno likishaitwa uwanjani na watoto linakuwa lao. Sasa huko mtaani kila anayecheza nafasi ile anaitwa kapita, na vijana wanaikataa, na Padre hajui kwa nini hapati mtu.

Ninachoweza ni kidogo, na kimechelewa. Wakikuuliza unacheza wapi, unaweza kuwaambia hujui kucheza. Ni mdomo wako. Lakini usiseme kwa sababu yangu. Uliniuliza uliharibu wapi. Hukuharibu popote. Ulikuwa ukiifanya kazi ile vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona, katika mpira au katika mtumbwi, na mimi nilikutoa kwa sababu niliona haya, kisha nikakuambia hukuhitajika. Ni mimi, Faustini. Padre alitumwa tu.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiingiza chini ya nguo zako, uisome meli ikiwa imekwisha kupita Basoko, mahali ambapo siwezi kuuona uso wako. Nimekwisha kuikunja mara moja. Sasa nasikia sauti yako njiani, unabishana na mtoto wa jirani, unamwambia hapana, hutamchukua ndani ya sanduku. Nimeikunjua. Nitakupa mkononi, uisome hapa barazani, nami nikiwa mbele yako. Ukitaka kunikasirikia, nipo, na meli haiondoki mpaka kesho.

Papa yako